Jinsi ya kuongea wimbo ukianza bila kumkanyaga mwimbaji

Nimekaa mbele ya maikrofoni ya redio miaka 18, na aibu ya wiki ya kwanza bado naisikia: nilikuwa katikati ya kumtambulisha mwimbaji, naye akaanza kuimba. Tukapigana vikumbo hewani.

Tangu siku hiyo kila wimbo naupima kabla ya kipindi. Sikiliza ala za mwanzo, hesabu sekunde hadi sauti ya kwanza, andika. Zikiwa 14, ongea 12. Hizo mbili ni za kuvuta pumzi, na ndizo zinazokufanya usikike bingwa.

Kaa upana wa kiganja kutoka kwenye maikrofoni, mdomo pembeni kidogo ili herufi P isipasuke. Vaa hedifoni, sikio moja liache wazi; ukijisikia mno utaanza kujipenda, na mtangazaji anayejipenda anachosha. Muziki ushushe taratibu, usiukate.

Halafu zungumza na mtu mmoja. Sema "wewe", si "wasikilizaji wote". Mimi humfikiria anayeosha vyombo, mikono imejaa povu, hawezi kubadilisha stesheni hata akitaka.

Ulimi ukikwama? Pandisha wimbo, nyamaza.