Twiga wa pikseli asitembee kama farasi

Ukimchora twiga wa gemu akitembea, usimpe mwendo wa farasi. Twiga hutupa miguu miwili ya upande mmoja karibu kwa pamoja, wa nyuma ukitangulia kidogo, kisha hufuata ya upande wa pili. Ukiikosa hiyo, hata madoa yapendeze vipi, utakuwa umechora punda mwenye shingo ndefu.

Fremu 8, yaani picha 8 za mwendo zinazofuatana, zinatosha. Chora 4 za kwanza, uzinakili, halafu kwenye nakala ubadilishe rangi za miguu: ya upande wa karibu na mtazamaji iwe ya mbali, na ya mbali iwe ya karibu. Miguu ya mbali ipake rangi iliyokoza, yenye ubuluu au uzambarau kidogo. Ukiongeza nyeusi tupu ngozi huonekana chafu. Kwato iliyokanyaga irudi nyuma pikseli zilezile kila fremu, tuseme 2, la sivyo mnyama atateleza.

Madoa ndiyo yanayosumbua. Ukiyachora upya kila fremu yatametameta. Yaweke kwenye leya yake (tabaka la picha linalochorwa peke yake), yapande na kushuka pamoja na mwili, na kivuli cha tumboni vilevile. Shingo iache ichelewe fremu 1 nyuma ya mabega.