Unampa nani pikipiki ya mkataba? Alama kwanza, machale baadae

Pikipiki ya mkataba ni ile dereva anamletea bosi hela kidogo kidogo mpaka inakuwa yake. Mabosi wengi wa boda wanachagua dereva kwa sura tu, dogo kaamkia vizuri, kaongea kwa adabu, basi anakabidhiwa funguo na kadi. Wengine nao wana masharti kibao waliyokopi kwa jamaa na hawataki kusikiliza machale yao kabisa. Vyote viwili vinatakiwa, ishu ni kipi kinatangulia.

Mwaka 1955 Daniel Kahneman, yule mwanasaikolojia aliyekuja kupata Nobel ya uchumi 2002, alikuwa kijana jeshini Israeli na akapewa kazi ya kurekebisha usaili wa askari wapya. Akawaambia wasaili waulize mambo sita, moja moja, na kila moja waliwekee alama 1 mpaka 5. Wakanuna, eti anawageuza maroboti, akawaruhusu mwishoni wafumbe macho, wamfikirie yule askari, watoe alama ya hisia tu. Ile ya hisia ikaja kufanya vizuri sawa na jumla ya zile sita, ila ilikuja MWISHO, baada ya kazi.

Sasa chukua daftari. Andika leseni, mdhamini, anapopaki, alivyoachana na bosi wa mwisho, anavyoijua pikipiki. Hilo la bosi usimuulize yeye, nenda kijiweni kwake kaulize kama hesabu, yaani hela ya bosi, ilikuwa inafika au zilikuwa zinafika stori. La pikipiki mpe yako aikague: akiinama kuangalia oili, akashika cheni kuona imelegea kiasi gani, mpe 5, akirukia kiti na kupiga resi mpe 1. Kila moja andika alama yake palepale kabla hujaenda swali lingine, maana ukishampenda kwenye moja utampendelea kwenye yote.

Halafu lala. Asubuhi fumba macho. Alama zipo juu ila roho inagoma? Rudi kijiweni ukaulize tena. Alama chini ila roho inampenda? Achana nae.

Fundi wako akisema kwa mlio tu injini ina shida, huyo muamini, anafungua injini kila siku na akikosea anajua siku hiyohiyo, wewe unatafuta dereva mara moja kwa mwaka, hayo machale umeyapata wapi?

Na shemeji akiombewa na mama watoto, nae apite kwenye daftari hilohilo.