Miguu mikavu kwenye baridi ya Kahuzi: buti za mpira, soksi na jasho

Bukavu yenyewe, kando ya Ziwa Kivu, kwenye mita 1,500 hivi, haiitesi miguu zaidi ya tope la msimu wa mvua. Ukipanda Kabare kuelekea Tshivanga na kuingia kwenye mianzi ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, mambo hubadilika. Kila mita 1,000 unazopanda hupunguza joto kwa takriban digrii 6, na kilele cha Kahuzi kiko mita 3,308. Asubuhi ambayo watu wa Kadutu, mjini Bukavu, wanatembea na shati moja, huko juu pumzi inatoka kama moshi na kila jani linadondosha maji.

Maelezo haya ni ya wanaokaa kwenye baridi hiyo kwa saa nyingi: wanaofuatilia nyayo za gorila, walinzi, wabeba mizigo, wachungaji, na wenye mashamba wanaokesha wakivizia nguruwe mwitu. (Ndani ya hifadhi kuwinda ni marufuku, hilo halina mjadala.) Kuvizia ndiko kunakotesa miguu kuliko kazi nyingine. Unapanda saa mbili huku jasho likikutoka, kisha unakaa kimya saa tatu bila kujongea, na jasho lile lile linageuka baridi ndani ya kiatu.

Baridi ya kwetu si ya barafu. Kinachoharibu mguu ni maji, na sehemu kubwa ya maji hayo inatoka mguuni mwenyewe. Maji huchukua joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, ndiyo maana soksi mbichi kwenye digrii 8 inaumiza kuliko soksi kavu kwenye sifuri. Buti ya mpira inazuia tope lisiingie, lakini inazuia pia jasho lisitoke. Bado ndiyo kiatu kinachofaa kwenye kinamasi na matope. Kazi yako ni kuishughulikia kwa ndani.

Kuchagua buti

Nenda kununua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na ubebe soksi zile utakazovaa. Ukivaa 42, jaribu 43. Sukuma vidole hadi mbele: nyuma ya kisigino kidole kimoja cha mkono kipite. Kisha simama na uchezeshe vidole vyote. Visipocheza, acha hiyo buti hata kama bei ni nzuri, kwa sababu kiatu kinachobana kinapunguza damu inayofika vidoleni, na bila damu hakuna soksi itakayokupa joto. Kosa la kawaida ni kuongeza soksi ya tatu kwenye buti iliyokwisha kujaa. Mguu unazidi kuwa baridi, naye mwenye buti anatafuta ya nne.

Buti nyingi za bei nafuu sokoni ni za plastiki ya PVC, si mpira halisi. Zinafaa, ila jua na baridi huzikausha na zinapasuka pale kifundo kinapokunjika. Ikunje kwa mikono pale pale dukani. Ukiona mstari mweupe kwenye mkunjo, irudishe.

Ya zamani ipime kabla ya safari: bana mdomo wake kwa mkono ili hewa isitoke, izamishe kwenye beseni la maji, ikandamize. Mapovu yatakuonyesha tundu. Kwa mpira halisi, kwangua mahali hapo kwa msasa hadi pasing'ae, paka gundi ya viraka vya baiskeli kwenye buti na kwenye kiraka, subiri dakika tano hadi isinate kidoleni, ndipo ubandike na kugonga kwa nyundo. Kwa PVC gundi hiyo hushika siku moja tu kisha kiraka kinabanduka chenyewe. Mpelekee fundi viatu anayeunganisha plastiki kwa chuma cha moto, na umpe kipande kilichokatwa kutoka buti nzee ya aina ile ile. Kazi hiyo ifanyike nje, maana moshi wake ni mbaya kwa mapafu.

Soksi: uzi ni muhimu kuliko unene

Pamba ni nzuri mjini. Msituni inanywa maji, inalala kwenye ngozi na haikauki. Unachotaka ni sufu, ambayo hata ikilowa bado inashika joto, na ndani yake soksi nyembamba ya poliesta kama zile za wacheza mpira, ambayo inapitisha jasho kwenda nje na kukauka upesi.

Kwenye mitumba lebo mara nyingi imekatwa au imefutika. Chomoa uzi mmoja mrefu kama kidole, ushike kwa kibanio, uuwashe kwa kiberiti. Sufu inawaka kwa shida, inajizima, inanuka nywele zilizoungua, na majivu yake ni meusi yanayosagika kati ya vidole. Pamba inawaka mara moja kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Poliesta inayeyuka na kuacha punje ngumu. Usiiguse ikiwa moto. Ukipata harufu ya nywele pamoja na punje, ni mchanganyiko, na mchanganyiko wenye sufu nyingi unadumu zaidi kisiginoni kuliko sufu tupu.

Kwa siku moja beba jozi tatu: moja mguuni, moja ya kubadilisha, na moja ya kulalia ambayo haigusi buti kamwe. Hiyo ya tatu ifungie fundo ndani ya sashe (mifuko ya plastiki) mbili. Mtu akianza kusema "leo tu" na kutembea nayo, usiku huo ataujua.

Chini ya unyayo

Ukiwa unatembea, ardhi haikusumbui. Ukisimama, inanyonya joto kupitia soli. Ongeza soli ya ndani ya milimita 5 hivi. Kipande cha blanketi zito la sufu kinafaa, au povu gumu la sandali nzee ambalo halinywi maji. Povu la godoro usilitumie: linabonyea kabisa chini ya uzito na kushika jasho lote. Chora unyayo kwenye karatasi, kata, na utengeneze jozi mbili ili moja ikauke wakati nyingine inafanya kazi. Ukikwama kabisa, boksi la katoni lililokatwa vizuri linakupa nusu siku kabla halijasagika. Na unapovizia, usiweke buti juu ya jiwe au tope. Weka matawi au fungu la majani makavu, kisha simama juu yake.

Kutembea, kisha kukaa

Anza safari ukihisi ubaridi kidogo miguuni. Panda na soksi nyembamba peke yake, au nyembamba na ya wastani, ya sufu nzito ikiwa mkobani. Ukifika mahali pa kukaa, kabla mwili haujapoa, kalia kitu kikavu, vua buti, futa miguu kwa kitambaa hadi katikati ya vidole, pangusa ndani ya buti, acha ngozi ipate hewa dakika mbili tatu, kisha vaa soksi kavu nyembamba na ile nzito. Soksi zilizolowa kamua na uziweke tumboni chini ya shati, zitakauka polepole kwa joto lako. Wengi wanaona uvivu kufanya hivi kwa sababu miguu bado ina joto. Ukisubiri hadi ipoe, utavaa soksi kavu kwenye mguu ambao hauna joto la kuzipasha.

Kama utakaa saa nyingi bila kusogea, kuna mbinu ya sashe: soksi nyembamba, juu yake sashe isiyotoboka, juu yake soksi nzito. Jasho linabaki ndani ya ile nyembamba na sufu inakaa kavu. Usitembee hivyo mwendo mrefu, na usizidishe saa nne, maana ngozi inalainika na kuchubuka. Mpangilio hubadilika buti ikiwa imelowa tayari: soksi kavu kwanza, sashe juu ya soksi zote, ndipo buti. Hapo sashe inazuia maji ya buti.

Maji mengine huingia kwa juu. Suruali iliyochomekwa ndani ya buti inaongoza mvua moja kwa moja hadi kisiginoni. Lakini ukiiacha nje, siafu wa Kahuzi-Biega watapanda mpaka kwenye goti kabla hujashtuka. Suluhisho ni kuchomeka suruali ndani ya soksi, kuvaa buti, kisha kuzungushia kipande cha turubai cha urefu wa sentimita 40 kinachoanza chini ya goti na kufunika mdomo wa buti. Kifunge kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, uliolegea kiasi cha kupitisha vidole viwili.

Kwenye kinamasi kama cha Musisi pima kila hatua kwa fimbo. Buti nyingi zina sentimita 30 na kidogo tu. Yakiingia maji, simama mara tu unapofika nchi kavu, mwaga, kamua, pangusa, vaa. Kusema "nitakausha jioni" ndiko kunakozaa vidonda.

Usiku

Gazeti lililokunjwakunjwa ndani ya buti linanyonya maji vizuri. Libadilishe baada ya saa moja, na tena kabla ya kulala. Au jaza chupa ya plastiki maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, ifunge, iingize ndani ya buti iliyopanguswa. Usiegemeze buti kwenye moto: PVC inajikunja, buti ya ngozi inapasuka. Na mbabula ya makala (jiko la makaa) haiingii ndani ya hema wala chumba kilichofungwa kwa ajili ya kukausha viatu. Hewa yake ya sumu haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Wenye buti za ngozi wayeyushe nta ya nyuki sehemu moja na mafuta ya ng'ombe sehemu mbili, kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Pakaa kidogo kwenye ngozi kavu, sugua zaidi kwenye mishono. Mafuta mengi yanalegeza ngozi na kiatu kinapoteza umbo.

Kanyanga au kasiksi kwa ajili ya kupasha miguu ni kujidanganya. Pombe inapeleka damu kwenye ngozi, unahisi moto kwa muda, kumbe joto la mwili linatoroka. Sigara nayo inabana mishipa ya vidoleni.

Mguu ukianza kuharibika

Osha na kausha kila jioni, katikati ya vidole hasa, ambako kuvu huanza kwa kuwasha na kumenyuka ngozi. Kisha angalia rangi. Mguu uliokaa kwenye maji baridi zaidi ya saa 10 hivi unaweza kuumia bila barafu yoyote: kwanza unakuwa mweupe au wa kijivu, wenye makunyanzi, mzito, usiohisi mguso. Ukipata joto unageuka mwekundu, unavimba na kuuma sana. Kwenye ngozi nyeusi rangi haionekani wazi, kwa hiyo tazama unyayo na uguse vidole kwa ncha ya jani ukiwa umefumba macho. Usipohisi, vua, kausha, funika kwa nguo kavu, lala na mguu umeinuliwa. Usiusugue, usiuweke kwenye maji ya moto wala karibu na mbabula, kwa sababu utaungua bila kujua. Malengelenge yasitobolewe. Ikiwa hisia haijarudi hadi asubuhi, kuna malengelenge makubwa au sehemu imekuwa nyeusi, mtu asishuke kwa miguu yake; abebwe hadi kituo cha afya. Mwenye kisukari asisubiri hata asubuhi hiyo.