Biblia ni kweli au si kweli? Jinsi ya kulichimba hilo swali bila kuvunja kijiwe

Hapa Mwanga, Kigoma mjini, tuna kijiwe chetu cha kahawa. Jioni watu wakishatulia, wengine wametoka Kibirizi kwenye dagaa, stori za Simba na Yanga zikiisha tu lazima mtu arushe hii: "hivi hiyo Biblia yenu ni ya kweli au mliletewa tu na wazungu?" Basi hapo kwishnei. Sauti zinapanda, muuza kahawa anasahau kudai hela yake, na usiku kila mtu anaenda kulala na kile kile alichokuja nacho. Mimi baba yangu ni Mkatoliki wa Kasulu, mama ni mtu wa Ujiji na wajomba zangu wote ni Waislamu, kwahiyo hizi hoja nimezisikia za pande zote toka nikiwa mdogo nabeba maji ya kunawa mikono. Naandika hapa jinsi ninavyofanya siku hizi swali likija, maana nimeshawahi kukosana na mjomba miezi mitatu kwa ajili ya aya moja, ujinga mtupu.

Kabla hujajibu chochote, muulize mwenzako "kweli" anayoitaka ni ipi. Yani ukisikiliza vizuri utakuta kuna maswali manne yamefungwa kwenye mfuko mmoja. Kuna la maandishi, kwamba tulichonacho leo ndio kile kilichoandikwa mwanzo au kimechezewa. Kuna la matukio, je yalitokea. Kuna la Mungu, je ndiye aliyesema. Na kuna la wema, je inachofundisha ni kizuri. Sasa mjomba anauliza la kwanza, Injili imebadilishwa, afu jirani Mlokole anamjibu "mimi niliombewa nikapona tumbo". Jamani. Kupona tumbo ni jambo kubwa na silidharau ila halijibu swali la nakala, na mjomba ana haki ya kucheka. Ukishajua swali ni lipi baki nalo hilo hilo mpaka liishe.

Kuna hoja mbili ukizisikia ziweke pembeni mapema, zinakula muda bure. Ya kwanza, "Biblia ni kweli kwa sababu imeandikwa kila andiko lina pumzi ya Mungu." Hiyo ni 2 Timotheo 3:16 na kwa anayeamini ni tamu, ila kwa asiyeamini ni kama mtu anajidhamini mwenyewe mkopo. Ya pili ni ya upande wa pili, "imeandikwa na binadamu kwahiyo ni uongo." Mbona risiti ya dukani nayo kaandika binadamu? Kuandikwa na mtu hakukifanyi kitu kuwa uongo, kunakifanya kiwe cha kukaguliwa basi.

Na ile ya wazungu nayo ni fupi tu. Ni kweli mapadri weupe walifika Ujiji 1879. Lakini Ethiopia walikuwa na maandiko kwa lugha yao ya Kigeez karne nyingi kabla mmisionari yeyote hajalikanyaga hili ziwa, na orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tunayoijua inaonekana kwenye barua ya mwaka 367 ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, hapo Misri, Afrika. Alafu tuseme ukweli, huko Ujiji dini zote mbili zilikuja na wageni. Kitu kuletwa hakukifanyi kiwe cha uongo wala cha kweli.

Twende kwenye maandishi, hapa ndio penye nyama. Anza na kinachomsaidia anayeamini. Kuanzia miaka ya 1946 na 1947 wachungaji wa mifugo walikuta mitungi kwenye mapango ya Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, ndani kuna magombo, na mojawapo ni la Isaya zima, refu mita 7 na kitu, la miaka zaidi ya 100 kabla ya Kristo. Kabla ya hapo nakala kamili za Kiebrania watu walizokuwa wanazitegemea zilikuwa za miaka kama 1000 baadaye. Wakalinganisha. Kuna tofauti, nyingi za herufi na maneno madogo madogo, chache zina uzito kidogo, ila kitabu ni kile kile. Kwa Agano Jipya kuna nakala za Kigiriki zaidi ya 5,000, na kijipande cha Yohana 18 kilichopo Manchester wengi wanakiweka karne ya pili. Kwahiyo mtu akikwambia eti siku moja wakubwa walikaa wakaiandika upya yote, muulize walizikusanyaje nakala ambazo zilishatawanyika nchi nzima nzima, nyingine ziko mchangani?

Sasa na wewe unayeamini usikimbie upande wa pili, usome. Hizo nakala 5,000 nyingi ni za karne za baadaye sana. Tofauti kati yao ukizihesabu zote ni laki kadhaa, japo kubwa lake ni makosa ya tahajia ya mtu anayenakili usiku na taa ya mafuta. Lakini zipo kubwa. Stori ya yule mwanamke aliyekamatwa kwenye uzinzi, Yohana 7:53 mpaka 8:11, haipo kwenye nakala za zamani kabisa. Mwisho wa Marko, 16:9 mpaka 20, vivyo hivyo. Na ule mstari wa 1 Yohana 5 unaowataja Baba, Neno na Roho mbinguni kuwa ni umoja, ambao Biblia za zamani za Kiingereza wanao, haumo kwenye nakala za mwanzo za Kigiriki, matoleo mengi ya siku hizi wameutoa. Chukua Biblia yako sa hivi, angalia hizo sehemu kama kuna mabano au maelezo madogo chini ya ukurasa. Mimi nilivyoyaona mara ya kwanza nilikasirika, nikaona nimefichwa, baadae nikawaza kumbe yameandikwa hapo hapo ni mimi tu nilikuwa sisomi maandishi madogo kama kwenye bando.

Ila ukimaliza hilo usishangilie mapema. Nakala nzuri inakuhakikishia kilichoandikwa tu. Uongo ukinakiliwa vizuri unabaki uongo.

Kwa hiyo unaingia la matukio, na hapa nina kipimo changu cha nyumbani. Mpeleke mwenzako Ujiji pale kwenye miembe na mnara wa Livingstone, au mkumbushe tu, maana kila mtu wa Kigoma shule walimpeleka. Stanley alikutana na Livingstone pale 1871, hakuna anayebisha. Sasa tafuta tarehe. Stanley kaandika 10 Novemba. Ukienda kwenye shajara ya Livingstone mwenyewe, mkutano unaangukia mwishoni mwa Oktoba. Tofauti ya wiki mbili hivi, na wote wawili walikuwepo pale pale! Na yale maneno maarufu ya salamu, "Dokta Livingstone, nadhani?", Livingstone hakuyaandika popote, na kurasa za siku hiyo kwenye shajara ya Stanley zimechanwa, kwahiyo wapo wanaosema alijitungia baadaye ili stori inoge. Je hawakukutana? Walikutana. Je kila neno lilisemwa vile? Haijulikani.

Chukua kipimo hicho hicho uende nacho kwenye Injili. Asubuhi ya kaburini Yohana anamtaja Mariamu Magdalene, Marko anataja wanawake watatu. Yuda kwa Mathayo 27 alijinyonga, kwa Matendo 1 alianguka akapasuka. Yusufu kwa Mathayo ni mwana wa Yakobo, kwa Luka ni wa Heli. Mwenye mashaka anasema mashahidi wamepishana, kesi ifutwe. Anayeamini anasema mashahidi wakisema neno kwa neno ndio wamepangana. Mimi naona wote wana nusu. Kupishana kama kwa Ujiji hakuui tukio, ila pia hakukuruhusu useme kila herufi haina kosa. Kinachoniudhi ni mtu anayempa Stanley msamaha na kumnyima Luka, au anampa Luka na kumnyima Stanley. Hata dagaa ukipima, sado ya kununulia na sado ya kuuzia iwe moja bwana.

Vya kuchimbuliwa nitapita haraka. Kwa upande wa kuamini: jiwe lenye jina la Pontio Pilato lilipatikana Kaisaria 1961, na jiwe la Tel Dan la 1993 lina maneno ambayo wataalamu wengi wanayasoma "nyumba ya Daudi", wakati zamani wapo walioona Daudi ni hadithi tu. Takito, Mrumi ambaye hakuwapenda Wakristo hata kidogo, mwanzoni mwa karne ya pili kaandika kwamba Kristo aliuawa chini ya Pilato. Upande wa mashaka: Kutoka 12:37 inasema walitoka wanaume kama 600,000 ukiacha watoto, na jangwani hapajapatikana alama ya kundi kubwa hivyo. Luka 2 anaiweka sensa ya Kirenio, liwali wa Kirumi wa Shamu, wakati wa kuzaliwa Yesu ila sensa inayojulikana ni ya mwaka 6 baada ya Kristo, na Herode, ambaye kwa Mathayo 2 ndiye alikuwa mfalme Yesu alipozaliwa, wengi wanakubali alikufa mwaka 4 kabla. Kuna majibu yanatolewa, mengine yana nguvu mengine yanavutwa kama mpira. Na ufufuko jiwe haliwezi kuuthibitisha. Hapo una barua ya Paulo, 1 Wakorintho 15, ya miaka ya 50, kama miaka 20 na kitu baada ya msalaba, inasema Yesu alionekana na zaidi ya ndugu 500 na wengi wao bado wako hai. Mwenye mashaka atauliza mbona hakuwataja majina. Swali zuri. Usimjibu kwa hasira.

Halafu la wema, ambalo kijiweni huwa tunalikwepa. Ujiji ilikuwa kituo cha misafara, watu wameshushwa pale kutoka ng'ambo ya ziwa wakafungwa minyororo, wakatembezwa kupitia Tabora mpaka Bagamoyo. Mtu wa hapa akifungua Waefeso 6:5 akakuta watumwa wanaambiwa wawatii mabwana zao, humwambii "hukuelewa". Kaelewa. Wapo waliofanya biashara ya watu na Biblia mkononi, na Livingstone aliyeupinga utumwa kwa nguvu zote alikuwa anasoma kitabu hicho hicho. Anayeamini ana barua ya Filemoni, pale Paulo anaomba mtumwa apokelewe kama ndugu, ana Wagalatia 3:28, "hapana mtumwa wala huru", na kwangu zina uzito. Ila mimi mwenyewe nasali kila Jumapili na kuna kurasa kama 1 Samweli 15, pale panaposemwa wauawe hadi watoto wanyonyao, sijazimeza mpaka leo. Padri nilimuuliza akanijibu vizuri tu na bado hazijashuka. Ukiwa na kurasa zako za hivyo zitaje. Mwenzako akikuona unakiri moja atakusikiliza kwenye kumi.

Jambo lingine, angalia nyuma ya hoja kuna nini. Watu wachache sana wanaamini kwa sababu ya gombo la Isaya au wanaacha kwa sababu ya sensa ya Kirenio. Mama alibatizwa mtu mzima, ukimuuliza kwanini hakutajii jiwe la Pilato, anakwambia kuna usiku mtoto anaumwa alisoma Zaburi mpaka kukakucha na hakuwa peke yake. Na namjua jamaa mmoja dereva wa boda anayeitukana Biblia kila siku, kumbe alimpa mhubiri hela ya matibabu ya mkewe kwa ajili ya mafuta ya upako, mke akafariki. Huyo ukimletea Takito unamkosea adabu. Huyo mnunulie kahawa mkae, aongee yeye.

Kama unataka kuanza kwa vitendo, achaneni na aya moja moja za kurushiana kama mawe. Chukueni Injili ya Marko yote, ina sura 16 tu, inasomeka jioni mbili hata na mtu mvivu. Msome kwa sauti kwa zamu, Muislamu awepo, asiyeamini chochote awepo, na kila mtu awe na karatasi anaandika "hapa nimekubali" na "hapa nimekwama", marufuku kujibizana mpaka sura iishe. Sisi tulifanya mwezi wa Ramadhani baada ya futari kwa mjomba, shehe jirani akaja na tende. Mkifika 16:8, pale wanawake wanakimbia kutoka kaburini na hawamwambii mtu kwa sababu waliogopa, simameni hapo hapo, funga kitabu, uliza: kama mtu anatunga stori ya kuuza, angeimalizia hivi? Kwetu kahawa ilichemshwa mara tatu.