Jinsi ya kupima dai kwamba uhusianifu wa jumla unaondoa maada nyeusi kwenye galaksi

Dai lenyewe ni hili: galaksi huonekana kuzunguka kwa kasi kubwa mno kwa maada inayoonekana kwa sababu tu tumetumia mvutano wa Newton, na tukitumia milinganyo kamili ya uhusianifu wa jumla, nadharia ya mvutano ya Einstein, maada nyeusi (maada isiyoonekana inayodhaniwa kuongeza mvutano) haihitajiki. Unaweza kulipima kwa Excel.

Chukua galaksi NGC 3198. Data zake ziko SPARC, hifadhi ya bure ya galaksi 175 iliyotolewa mwaka 2016 na Lelli, McGaugh na Schombert. Faili lina nusukipenyo kwa kiloparseki (moja ni kama miaka-nuru 3,260), kasi iliyopimwa, kisha kasi ambayo gesi peke yake ingeleta, na ile ya diski ya nyota.

Kasi hizo mbili hazijumlishwi. Hujumlishwa vipeo vyake vya pili (kila kasi mara yenyewe), na jumla ni kipeo cha kasi ambayo maada inayoonekana ingeleta. Kipeo cha diski kizidishe kwanza kwa 0.5, maana safu hiyo imekokotolewa kwa uwiano wa tungamo na mwangaza wa 1 (kwa vipimo vya Jua), ilhali kwa nyota za diski huchukuliwa kuwa karibu 0.5. Kwa gesi andika V*ABS(V). Katika galaksi nyingine kasi za gesi karibu na kitovu huandikwa kama namba hasi, kwa kuwa gesi ya pembeni huvuta kuelekea nje, na kipeo cha kawaida hufuta alama hiyo.

Sasa pima pengo kati ya tungamo linalohitajika na linaloonekana. Kwenye kiloparseki 30 kasi ni kama km 150 kwa sekunde. V²R/G (V ni kasi, R ni nusukipenyo, G ni kima cha mvutano), ukiweka G = 4.3×10⁻⁶ kwa vipimo vya kiloparseki, km kwa sekunde na tungamo la Jua, hutoa takriban tungamo la Jua bilioni 157. Nyota na gesi zote hazifiki bilioni 40. (Fomyula hiyo ni ya tufe, si ya diski, lakini umbali huo tofauti ni ndogo.) Nguvu inayokosekana ni karibu mara tatu ya iliyopo.

Kisha kokotoa (v/c)², yaani kasi ya galaksi kwa kasi ya nuru: 150 kwa 300,000, kipeo cha pili, ni 2.5×10⁻⁷. Hicho ndicho kimo cha marekebisho ya Einstein hapa, pamoja na mvutano unaozalishwa na mwendo wa maada yenyewe. Ni kidogo kuliko kinachohitajika kwa zaidi ya mara milioni kumi.

Watetezi wa dai hilo hujibu kwamba makadirio haya hayaoni sifa za suluhisho kamili. Jibu hilo lichunguzwe kwa makini. Wanafizikia Cooperstock na Tieu walitoa mwaka 2005 suluhisho la vumbi linalozunguka, yaani maada isiyo na shinikizo. Litazame uone |z| ndani ya mlinganyo, z ikiwa umbali juu au chini ya diski: mteremko wake huruka ghafla unapovuka z = 0, na mruko huo ni tabaka jembamba la maada ambalo halikuhesabiwa. Katika suluhisho la aina hiyo la Balasin na Grumiller tatizo liko kwenye mhimili wa mzunguko, ambako suluhisho huvunjika. Kwa hiyo katika makala yoyote kagua sehemu hizo mbili kabla ya kuangalia grafu, kwa sababu grafu inayolingana haithibitishi kitu ikiwa namba za mlinganyo zilichaguliwa kutokana na grafu hiyohiyo.

Mwisho, uliza kasi imepimwa na nani. Darubini za redio hupima mhamo wa mstari wa hidrojeni wa sentimita 21, yaani jinsi urefu wa wimbi hilo unavyobadilika kwa mwendo wa gesi. Mwandishi asiyefuatilia mwali kutoka kwenye gesi hadi kwa mtazamaji wa mbali analinganisha namba yake na kitu ambacho hakikupimwa.