Kabla ya siku ya kumezesha dawa za minyoo na kichocho shuleni

Anza na tarehe. Ijumaa ikataeni: watoto huondoka mapema, na anayeanza kutapika jioni hana mwalimu wa kumuuliza mpaka Jumatatu. Ramadhani haihitaji maelezo. Zinazosahaulika ni funga za sunna. Baada ya Idi wapo wanafunzi wanaofunga siku sita za Shawali, na wengine hufunga Jumatatu na Alhamisi mwaka mzima. Kwa shule ya Dar es Salaam, Jumanne au Jumatano ndiyo salama.

Barua kwa wazazi itoke wiki nzima kabla. Itaje dawa kwa majina (albendazoli ya minyoo, prazikwanteli ya kichocho) na maudhi yake bila kuficha: kichefuchefu, tumbo kuuma, kichwa, kizunguzungu, mara nyingi kwa mtoto mwenye minyoo wengi, na kwa kawaida huisha siku hiyohiyo. Mwenyekiti wa mtaa, imamu na mchungaji wapate nakala. Msiseme hofu ya wazazi juu ya dawa hizi ni mambo ya zamani: mwaka 2008 mkoani Morogoro zoezi kama hili lilisimamishwa baada ya vurugu kuzuka mashuleni.

Sasa chakula, na hapa msiwe na haraka. Prazikwanteli ikikuta tumbo tupu inamchafua mtoto, halafu haifyonzwi vizuri. Mnapata hasara mara mbili. Wapo wanaoandika kwenye barua "mtoto ale nyumbani" wakadhani wamemaliza. Mtoto wa Mbagala au Gongo la Mboto anatoka nyumbani saa kumi na mbili kuwahi daladala, mkononi ana shilingi 500, na kitu cha kwanza kuingia kinywani ni barafu ya mapumziko. Mkimuuliza "Umekula?" atajibu "Ndiyo, mwalimu." Muulizeni "Umekula nini, saa ngapi?" ndipo mtasikia ukweli.

Kwa hiyo pikeni uji wenyewe. Watoto 600, kila mmoja kikombe cha mililita 300, ni lita 180. Kilo moja ya unga hutosha lita tisa hadi kumi, basi wekeni kilo 20 za unga na kilo tisa za sukari, masufuria mawili ya lita 100. Moto uwashwe saa kumi alfajiri, wala si saa kumi na mbili. Kuchemka si tatizo kubwa, tatizo ni kupoa. Uji ukiachwa ndani ya sufuria kubwa unakaa na moto wake saa nzima na zaidi. Mtoto anapiga mafunda mawili, anaungua ulimi, na kilichobaki anakimwaga nyuma ya darasa. Gaweni kwenye ndoo za lita 20 mara tu unapoiva, mkoroge, ndipo mgawe vikombe. Anayemaliza kikombe aingie kwenye foleni ya dawa. Foleni isianze kabla ya uji, hata kama gari la zahanati limeshafika na mhudumu anaangalia saa.

Mkiruka hatua hii, mwendo wake unajulikana. Mtoto mmoja aliyesimama juani anaona kizunguzungu, anatapika mbele ya wenzake. Wa nyuma yake anashika tumbo. Baada ya robo saa wamelala kumi, mtu amepiga simu nyumbani, na saa nne geti limejaa akina mama waliokuja na bodaboda wakidai watoto wamelishwa sumu. Hapo hakuna ufafanuzi unaosikika. Ndiyo maana foleni ikae kivulini, na chumba cha kupumzikia kiwe upande ambao foleni haikioni: mkeka, ndoo, maji, mwalimu mmoja asiyeondoka, na namba ya bajaji aliyekubali kusubiri.

Dozi. Albendazoli ni kidonge kimoja cha miligramu 400 kwa mwanafunzi, kinatafunwa. Prazikwanteli hutolewa kwa urefu kwa kutumia fito ya kupimia: sentimita 110 hadi 124 ni kidonge kimoja na nusu, 125 hadi 137 viwili, 138 hadi 149 viwili na nusu. Viatu vivuliwe, visigino viguse ukuta, fito isimame wima kwenye sakafu iliyo sawa. Ikiegemezwa kwa kulala, mtoto anaonekana mrefu na anazidishiwa. Msigawe kwa kuangalia darasa. Darasa la tano lina wafupi na warefu. Kwa makadirio ya kuagiza, hesabuni vidonge viwili na nusu kwa kila mtoto: 600 mara mbili na nusu ni 1,500.

Maji yawe yamechemshwa au kutibiwa, ndoo sita za lita 20, na kila mtoto aje na kikombe chake. Prazikwanteli ni chungu, ikikaa mdomoni inatemwa. Imezwe kwa maji mengi, kisha mdomo ufunguliwe na ulimi unyanyuliwe kabla ya kutia alama kwenye rejesta. Vidonge vinavyookotwa uwanjani baadaye ni vya watoto walioandikwa "amemeza".

Mwenye homa, anayeumwa siku hiyo au mwenye kifafa asipewe mpaka mhudumu wa afya amwone. Aliyetapika dawa asirudishiwe dozi kwa uamuzi wa mwalimu.

Waambieni pia kwamba dawa hii si kinga. Anayerudi kuogelea Msimbazi au kwenye madimbwi ya machimbo ya mchanga anaweza kupata kichocho tena. Baharini hakuna kichocho, ila kuna mengine. Vyoo navyo viangaliwe: tundu moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25, na kibuyu chirizi chenye maji na sabuni ambayo haijaibwa. Kucha zikatwe. Kandambili zivaliwe. Mihogo ya mama wa getini ifunikwe. Waliokosa siku hiyo waandikwe kwenye karatasi tofauti, na vidonge vilivyobaki virudi zahanati kabla jua halijazama, visilale kabatini pamoja na chaki.