Ukuta mmoja unaosimama: kumwandaa mwanafunzi wa ubunifu kwa kazi ya jukwaani na ya filamu

Mwanafunzi wa ubunifu wa mandhari na maleba anayechora vizuri lakini hajawahi kusimamisha hata ukuta mmoja huona shida wiki ya kwanza tu ya kazi. Jukwaani na kwenye filamu, mchoro lazima umfikie seremala ukiwa na vipimo. Zoezi hili la wiki sita ni la wakufunzi wa Iringa, Mbeya na Njombe: kutengeneza ukuta wa nyumba ya matofali ya kuchoma kwa vifaa vinavyopatikana hukuhuku. Mbao zinunuliwe siku ya kwanza, ingawa hazitaguswa hadi wiki ya nne.

Hatua ya 1: Mswada wa mchezo au filamu usomwe mara tatu

Mara ya kwanza asome bila kalamu. Mara ya pili ajaze jedwali: onyesho, mahali, saa, nani anaingia, ameshika nini. Mara ya tatu atafute ambayo mwandishi hakuyataja: mtu akinawa, maji yametoka wapi, yanamwagwa wapi? Kwa filamu aongeze safu ya siku ya hadithi, kwa sababu picha hazipigwi kwa kufuata mpangilio wa hadithi.

Hatua ya 2: Modeli ya 1:25

Atengeneze jukwaa dogo la karatasi, ambamo mita 1 inakuwa sentimita 4. Jukwaa la mita 8 kwa 6 linatoshea sentimita 32 kwa 24, na mtu wa sentimita 170 anakuwa na 6.8. Mtu huyo wa karatasi akatwe kwanza, kabla ya ukuta wowote, na asimame humo muda wote. Bila yeye, milango hutoka mikubwa kama ya majitu. Usitumie boksi la katoni: unene wa milimita 4 ni sawa na ukuta wa sentimita 10, ilhali fremu yetu ina 5. Karatasi ngumu ya milimita 2 ndiyo sahihi.

Kisha chukua uzi. Shika ncha moja mahali pa jicho la mtazamaji aliyekaa kiti cha pembeni kabisa safu ya mbele (mita 1.2 kutoka chini, yaani sentimita 4.8 kwenye modeli), uvute hadi ukingo wa ukuta na kuendelea. Kote uzi unakopita, mtazamaji huyo anaona. Kama unapita anaposubiri mwigizaji, sogeza ukuta sasa, wakati bado ni karatasi.

Hatua ya 3: Fremu

Paini ya msitu wa Sao Hill, Mufindi, ni nyepesi na inafaa sana, ila ikiwa imepasuliwa juzi itajipinda ikikauka, na ukuta utapinda nayo. Ndiyo maana ya kununua mapema: zipange kivulini, zitenganishwe kwa vijiti ili hewa ipite.

Ukuta wa mita 1.2 kwa 2.4 unakula mbao tatu za 2x2 za futi 12. Mbao mbili, kila moja itoe nguzo ya mita 2.3 na mlalo wa mita 1.2. Ya tatu itoe mlalo wa kati wa mita 1.1, na kinachobaki ni mguu wa kuegemeza kwa nyuma, ukandamizwe na mfuko wa mchanga. Milalo ya juu na chini ipite upana wote, nguzo zikae katikati yake. Nguzo ikigusa sakafu, ncha yake hupasuka fremu inapoburutwa.

Kila kona ipigiliwe pembetatu ya plaiwudi ya milimita 6, nyuzi za mbao za tabaka lake la nje zikikatiza kiungo. Kabla ya kupigilia, pima kutoka kona hadi kona ya mkabala: vipimo vyote viwili visome sentimita 268.3. Vikitofautiana, sukuma kona mpaka vilingane.

Vika kitambaa cha marekani bila kukikaza. Kikipakwa gundi nyeupe sehemu 1 kwa maji sehemu 4, hujikaza chenyewe. Ukikivuta kwanza, kitakunja nguzo kwa ndani. Asubuhi za baridi za Juni na Julai ziachie siku nzima kukauka.

Hatua ya 4: Rangi

Mpeleke mwanafunzi mbele ya nyumba halisi, Kihesa mjini Iringa kwa mfano, akiwa na futi kamba. Ahesabu mistari ya matofali ndani ya mita moja. Atazame chini: matone ya mvua yamerusha udongo mwekundu kama sentimita 30 kwenda juu. Atazame juu ya dirisha la jikoni: moshi. Hivyo viwili ndivyo vinavyofanya ukuta uaminike, kuliko matofali yenyewe.

Rangi ya udongo ulio kati ya matofali itangulie ukuta mzima, kisha matofali kwa sponji iliyokatwa kwa kipimo, ukibadilisha wekundu kila baada ya machache. Jukwaani hukumu kazi ukiwa mita 6. Kwa filamu, piga picha kwa simu kutoka mita 1 chini ya taa zitakazotumika. Nyeupe tupu hung'aa kupita kiasi, ipunguze kwa kijivu kidogo.

Hatua ya 5: Maleba (mavazi ya waigizaji)

Mitumba ya Mwanjelwa, Mbeya, inatosha kwa karibu kila kitu, isipokuwa shati la kuchafuka: la pili linalofanana nalo hulipati. Shona mawili kutoka jora moja. Chakaza viwiko na mapindo kwa msasa, kisha chovya kwenye chai nzito.

Hatua ya 6: Jalada la kazi

Kurasa 12 zinatosha. Kwa ukuta huu aweke mchoro wa kwanza, ramani yenye vipimo, modeli, picha ya ukuta uliosimama, gharama kwa shilingi, na sentensi moja inayosema alifanya nini yeye mwenyewe na nini kilifanywa na wenzake.